Kavu Nje, Maji Ndani

Kisanduku kilikuwa kikavu. Nasike alikipangusa juu kwa kiganja, akakipangusa ubavuni, akapitisha kidole kwenye mpira unaozunguka mfuniko, na kidole kikarudi na vumbi tu. Mashua ilikuwa imelala nchi kavu usiku kucha, juu ya matairi ya trekta, imefunikwa turubai, na mvua haikuwa imenyesha. Alilegeza skrubu, akainua mfuniko, na maji yakammwagikia miguuni.

Hayakuwa umande. Yalikuwa maji ya kujaza birika, rangi yake ya chai isiyo na maziwa, na yalinuka tope la chini kabisa ya bwawa, mahali ambapo jua halifiki. Ndani ya maji hayo kompyuta ilikuwa imekaa ikifanya kazi. Taa yake ndogo ya kijani iliwaka na kuzima, ikawaka na kuzima, polepole, kama mtu anayepumua usingizini.

"Madam," Kimutai alisema, "si ulisema hiyo kitu maji haiwezi ingia?"

"Haiwezi ingia."

"Na hii ni chai?"

"Kimutai, nipe kitambaa."

Kimutai alikuwa mchomeleaji kutoka Kitale. Ndiye aliyeiunda mashua ile kwa bati zito na mapipa, kisha akageuka nahodha kwa sababu hakuna mwingine aliyeielewa injini yake. Alikuwa mtu wa mzaha. Asubuhi hiyo alimpa Nasike kitambaa akarudi nyuma hatua mbili.

Mtu wa Pwani atacheka akisikia habari za mashua ya Kiminini. Acheke. Huku kwetu ni mahindi mpaka jicho lichoke, na ukisema una mashua utaulizwa kama unavua magunzi. Lakini bwawa la Makhele lipo, kati ya Kiminini na Naitiri. Walowezi walilichimba ili ng'ombe wao wanywe, na wakulima wakalirithi pamoja na vyura waliolipa jina. Miaka ya karibuni tope lilikuwa limelijaza. Serikali ikasema haileti mtambo wa kuchimbua tope bila kuona ramani ya chini. Chama cha wakulima kikaamua kuwa na mashua yake ya kupima. Nyuma ya mashua kingekaa chombo cha kupeleka mlio chini na kuusikiliza ukirudi, na katikati ingekaa kompyuta ya kuchora kina. Kazi ya kompyuta akapewa Nasike, binti wa kijiji cha hapo bwawani, aliyeolewa Bungoma, naye mwenyewe ana duka la kutengeneza kompyuta mjini Kitale.

Aliifanya kazi hiyo kwa moyo. Kompyuta na mashua ni maadui, na anayewaoza lazima awe mshenga wa maana. Alichagua kompyuta isiyo na feni, ili isivute hewa yenye unyevu, tena isiyo na diski ya kuzunguka, ili mtikiso usiiumize. Aliilaza juu ya vipande vya tyubu ya pikipiki. Alipitisha nyaya kwenye matundu yaliyokaza kama kizibo, akaweka fyuzi karibu na betri, akatia ndani vile vijaluba vya punje zinazokunywa unyevu. Hakuna aliyeweza kumlaumu kwa ufundi. Kosa alilifanya akiwa amekaa dukani, kikombe cha uji pembeni, kompyuta ikiwa mpya mezani. Iliwaka, ikauliza itaitwa nani.

Kwa Wabukusu mtu akifa jina lake halizikwi. Linakaa likingoja. Mtoto akizaliwa ukoo unasikiliza: nani amekuja ndotoni, na mtoto anayelia atanyamazia jina gani likitajwa. Ndivyo wafu wanavyorudi kula ugali na watu wao. Nasike alikuwa na mimba iliyokwisha kuonekana, baada ya mbili zilizoharibika na miaka ya kuulizwa maswali na mawifi. Wiki ile ile alikuwa amekwenda kwa baba yake, mzee Wangila, kumwomba jina la Khisa, kaka yake aliyekufa, amwekee mtoto.

"Jina la mtu wa maji halilali ndani ya nyumba," mzee alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye redio yake.

"Baba, Khisa alinisomesha."

"Nimesema. Kuna majina mengi. Chagua la mtu alikufa vizuri."

Khisa alikufa ndani ya bwawa hilo hilo la Makhele. Kijiji kizima kiliambiwa alikuwa amelewa akajitosa. Mama yao, Nakhungu, alimwambia Nasike ukweli mara moja tu, jikoni, akiwa amempa mgongo. Baba yao ndiye aliyemtuma. Bomba la pampu lilikuwa limeziba, kabichi zilikuwa zinakauka, na Khisa alisema hajui kuogelea. Mzee akamwambia mwanamume haogopi maji ya kifuani. Pampu haikuzimwa. Khisa akaingia, bomba likamnasa mkono, na maji hayakuwa ya kifuani.

Mzee akamzika upesi. Akakataa na siku ya kunyolewa, ile Wabukusu huiita lubeko, ambapo wafiwa hunyolewa nywele na mwenye marehemu husimama mbele ya watu akaeleza mtu wake alikufa vipi. Alisema yeye ni mzee wa kanisa, hayo ni mambo ya kale. Uongo mtupu. Angenyolewa hata nyusi kama ingekuwa kunyolewa tu. Alichokimbia ni kule kusema.

Basi Nasike alipoulizwa na kompyuta jina, uchungu ulimpanda, akaandika KHISA. Akachukua na kalamu nzito nyeusi akaliandika jina hilo juu ya mfuniko wa kisanduku, herufi kubwa. Kama nyumba ya baba haina nafasi, alijisemea, hii inayo. Moyo wake ukatulia, akamaliza uji wake. Hasira hasara, wahenga walisema, lakini hawakusema hasara yenyewe inaweza kuja ikinuka tope.

Baada ya maji yale ya kwanza alikausha kila kitu, akabadilisha mpira wa mfuniko, akapaka silikoni kwenye kila tundu. Asubuhi iliyofuata kisanduku kilikuwa kikavu nje, na ndani maji yameongezeka. Akaweka mpira wa pili juu ya wa kwanza, akaupaka grisi, akafunga mkanda wa chuma. Maji yakaja na majani ya bwawani, mororo, yaliyojisokota kwenye nyaya kama nywele zilizobaki kwenye kitana. Kadiri alivyoziba ndivyo kilivyojaa, na kompyuta, ambayo ingestahili kufa siku ya kwanza, ilizidi kuwa nzima.

Ikamjia kwamba ni jina. Akalifuta, akaandika BWAWA, akaizima na kuiwasha. Ilipowaka ilikuwa imeandika KHISA. Akafuta tena, na tena ikarudi. Wino wa juu ya mfuniko aliusugua kwa petroli mpaka plastiki ikapauka, na herufi zikabaki pale pale.

"Nani huyu Khisa lakini?" Kimutai aliuliza.

"Ni kompyuta tu."

"Madam, mimi nimeshika vyuma tangu nikiwa mdogo. Chuma haipumui."

Hata hivyo walilazimika kuingia majini, kwa sababu chama kilikuwa kinataka ramani, na Nasike hakuwa na neno la kuwaambia ambalo lingesikika kuwa na akili. Waliingia saa nane mchana, jua likiwaka, wanawake wakifua ng'ambo. Kimutai aliiendesha mashua moja kwa moja, ukingo hadi ukingo, kama mtu anayelima mstari, na Nasike akatazama skrini. Mstari uliokuwa ukichorwa haukunyooka. Ulipinda. Kila walipovuka ulipinda upande mmoja, kwenda kwenye kona ya bwawa ambako bomba la pampu ya zamani lilikuwa bado limezama.

"Unapinda kona, Kimutai."

"Mimi? Angalia hiyo mti mbele. Nimeielekea tangu tutoke."

Ni kweli alikuwa ameuelekea. Nasike akatazama namba za kina. Katikati ya bwawa, ambako wazee wote walisema hakuna aliyewahi kugusa chini, kompyuta ilisema kuna kitu karibu, chini kidogo ya mashua, umbali wa mkono tu. Waliposogea namba haikubadilika. Walipogeuza haikubadilika. Kitu kilikuwa kimesimama chini yao, na kilikuwa kinatembea nao.

Halafu wingu likashuka kutoka mlima Elgon, kama linavyofanya huku alasiri, na mvua ya mawe ikaanza. Injini ikakohoa ikazima. Wanawake wa ng'ambo walikusanya nguo wakakimbia, ukungu ukalifunika bwawa, na ghafla hapakuwa na ukingo upande wowote. Nasike akachomoa waya wa betri ili kuiokoa kompyuta na radi, kwa mazoea ya kazi yake, na alipokuwa ameushika waya ule mkononi, haujaunganishwa na chochote, aliona taa ya kijani bado inawaka kupitia plastiki, ikiwaka na kuzima, na harufu ya tope ikapanda ikamjaa kooni, na katikati ya mshindo wa mawe juu ya bati akasikia kitu kingine, karibu zaidi, kidogo zaidi, kikitoka ndani ya kisanduku alichokifunga kwa mikono yake mwenyewe, kwa mpira juu ya mpira na mkanda wa chuma, mtu akigonga, mbili za haraka na moja ya pole, kimya, mbili za haraka na moja ya pole, namna Khisa alivyokuwa akigonga mlango wa jikoni akichelewa kurudi, ili dada yake amfungulie bila baba kuamka.

Na tumboni mwake mtoto akajibu. Mateke mawili ya haraka, moja la pole.

"Kafundi," sauti ikasema.

Hakuna aliyewahi kumwita hivyo isipokuwa Khisa, tangu siku Nasike alipoifungua redio ya baba yao akashindwa kuirudisha.

"Kafundi, fungua. Nimemaliza kazi."

Nasike hakupiga kelele. Alikaa pale ameshika tumbo kwa mikono miwili, na machozi yakamtoka, na cha kutisha zaidi ni kwamba si yote yalikuwa ya woga. Alikuwa ameimisi sauti hiyo. Kimutai alikuwa ameisikia pia. Alichukua kipande cha ubao akapiga makasia kama mtu anayefukuzwa na nyuki, akiomba kwa lugha ya kwao, mpaka mashua ikagonga matete.

"Hiyo ni jini," alinong'ona walipofika nchi kavu, meno yakigongana. "Madam, hiyo ni jini ya maji na inajua jina yako. Mimi sirudi huko. Hata mniue."

Nasike alipanda mteremko mpaka jikoni kwa mama yake, nguo zikimchuruzika. Nakhungu alikuwa anapepeta maharagwe. Alisikiliza yote bila kuacha kupepeta, kisha mikono ikasimama.

"Si jini," alisema kwa sauti ya chini, macho kwenye mlango. "Jini iko na kwao, ukiifukuza inaenda kwao. Huyu hana. Baba yako alimfungia mlango."

"Nimejaribu kulifuta jina, mama. Halitoki."

"Jina ni sufulia ya kuazima, umpe mtu halafu unyang'anye? Ulimpa jina ukampa nyumba. Ameingia akakuta ni sanduku." Nakhungu akalishika tumbo la bintiye. "Huyu amekuwa akijibu?"

"Ndiyo."

"Usirie. Usirie, mama. Lakini tukimwacha huko atatafuta nyumba ingine, na iko karibu hivi."

Siku iliyofuata Nakhungu alikwenda kwa Nehemiah. Huyu alikuwa kinyozi wa Kiminini, mwenye kibanda chenye picha za vichwa vilivyochorwa vibaya na mashine ya umeme inayonguruma. Vijana walimjua kwa mitindo. Wafiwa walimjua kwa wembe aliouweka kando, umefungwa kwenye kitambaa cheupe, ambao hakuwahi kumnyolea mtu aliyekuja kupendeza tu. Alisikiliza, akauliza swali moja: kama mzee Wangila alinyolewa. Akaambiwa hapana.

"Basi mumlete kwa maji," alisema. "Na hiyo sanduku iwe hapo. Yeye ndiye alimtuma, yeye ndiye ataeleza. Mtu mwingine asimsemee, itakuwa bure."

Unaweza kudhani mzee alikataa. Hakukataa, kwa sababu habari zilikuwa zimekwisha kuenea. Kimutai alikuwa ameeleza Kitale nzima, mashua ilikuwa imekaa bure, na wanachama walikuwa wakimwangalia mzee Wangila vibaya hata kanisani. Alikuja asubuhi akiwa na koti lake la Jumapili. Wanachama walisimama nyuma, Kimutai mbali kabisa karibu na pikipiki yake. Kisanduku kiliwekwa juu ya jiwe ukingoni, kikavu, na kutoka ndani yake mtu aligonga, mara moja moja, bila haraka. Hakuna aliyethubutu kusema amesikia.

Nehemiah alimkalisha mzee kwenye kigoda, akafungua kitambaa, akaanza kumnyoa upande wa kushoto. Mvi zilianguka juu ya koti. Alipofika katikati ya kichwa akasimama.

"Sasa tuambie mtoto wako alikufaje."

Bwawa lilikuwa kimya. Hata vyura walikuwa wamenyamaza. Nasike alimtazama baba yake, na kwa kitambo aliuona ukweli ukimpanda mzee usoni, ukafika mdomoni kabisa, na aliomba kwa nguvu zake zote, si kwa ajili ya Khisa tena, bali kwa ajili ya mtoto wake, neno hilo litoke. Mzee akawaona wanachama. Akamwona mchungaji wake kati yao.

"Alikuwa amelewa," alisema. "Alijitosa mwenyewe."

"Sema tena," Nehemiah alisema taratibu.

"Baba!" Nasike alilia. "Sema kweli. Nakuomba. Sema kwa sababu ya huyu." Akalishika tumbo.

"Alikuwa amelewa. Nimesema mara mbili."

Nakhungu alipiga hatua mbele kutaka kumsemea. Nehemiah akatikisa kichwa.

"Mficha uchi hazai, mzee Wangila."

"Mimi nimezaa. Mmoja huyo amesimama."

"Na ule mwingine?"

Nehemiah akafunga wembe wake kitambaani, na upande wa kulia wa kichwa cha mzee ukabaki na nywele zake. Kisha akamwambia Nasike afungue kisanduku. Nasike alikata mkanda wa chuma, akaondoa mpira na mpira wa chini yake, akainua mfuniko. Maji yakatoka. Yalitoka mengi kuliko kisanduku, mengi kuliko ndoo, yakateremka juu ya jiwe yakimwosha miguu, baridi, yakinuka tope, na hayakuelekea bwawani ambako ardhi iliinamia. Yalimzunguka Nasike yakazama palepale aliposimama. Taa ya kijani ikazima. Kompyuta ilikuwa kavu, na vijaluba vya punje vilikuwa vikavu, kama vilivyotoka dukani.

Wanachama walipiga makofi. Mchungaji akaomba sala ndefu. Mzee Wangila akavaa kofia akasema, si mnaona, ni mambo ya kujiogopesha. Kimutai alisogea, akacheka kwa mara ya kwanza tangu mvua ya mawe. Nehemiah peke yake hakufurahi. Alikataa hata chai. Alipompita Nasike akainamia sikio lake.

"Ametoka," alinong'ona. "Sijasema ameenda."

Baridi ilikuwa imeanza kumpanda Nasike kutoka vifundoni, ikapita magoti, ikafika tumboni, na mtoto ambaye alikuwa mwepesi wa kurusha teke akageuka mara moja, taratibu, kwa uzito, kama mtu aliyesafiri sana anapojitupa kitandani.

Alipoiwasha kompyuta dukani ilimuuliza itaitwa nani, kana kwamba haijawahi kuulizwa. Jina halikuwemo tena.

Kazi ilikwisha. Ramani ikachorwa, mistari imenyooka, na mtambo wa tope ukaja ukala tope. Watu wa chama walimsifu Nasike. Alijifungua Bungoma, mvulana, na wakunga walimpongeza kwa mtoto asiyelia. Mumewe, Absalom, karani mpole aliyemsubiri mtoto huyo miaka yote ile, alimwita Wakonyo, jina la babu yake. Mtoto hakugeuka alipoitwa hivyo. Hakugeuka mwezi huo wala mwaka huo. Daktari akapima masikio akasema yako sawa.

Kila asubuhi Nasike alikuta shuka ya juu ni kavu na blanketi ni kavu, na chini ya mtoto, ndani kabisa, godoro limelowa.

"Mtoto gani hakojoi?" Absalom alicheka.

"Nusa."

Absalom alinusa, akacheka tena. "Ni mkojo, mama watoto." Yeye alikuwa mtu wa mjini, hajui tope la Makhele linanukaje.

Siku moja Nasike akimwogesha kwenye beseni aligeuka kuchukua sabuni, na alipotazama mtoto alikuwa amelala chini ya maji, macho wazi, akimtazama, bila haraka ya kutoka. Tangu siku hiyo Nasike alifunika kila chombo cha maji ndani ya nyumba, ndoo, mitungi, hata birika, vifuniko vya kukaza na mpira ndani yake. Alijua anachofanya. Alijua pia kwamba aliwahi kukifanya na hakikumsaidia.

Kila siku alimkalisha mtoto mapajani akamfundisha: sema mama. Ma-ma. Mtoto alimtazama kwa huruma.

Mzee Wangila hakuwahi kumwona mjukuu wake. Watu walisema upande ule alionyolewa nywele hazikuota tena, na kwamba siku hizi anasali na kofia kichwani. Kisha alasiri moja ya mvua, Absalom akiwa kazini, Nasike akasikia hodi mlangoni, na sauti ya baba yake ikisema amemletea mtoto kuku. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Nasike alikaa kitini asiinuke. Na asimame mvuani, alijisemea. Na alowe. Kwa mara ya kwanza na alowe yeye.

Mtoto alitambaa mpaka mlangoni. Akauwekea ubao mkono wake mdogo, akagonga, mbili za haraka na moja ya pole.

"Kafundi," alisema. Hakulitafuna neno kama watoto wanavyotafuna. "Fungua."

Nasike alilia bila sauti. Alikuwa amemtaka kaka yake arudi nyumbani, na alikuwa amemtaka mtoto wake, na sasa akajua kwamba amepewa mmoja. Aliinuka akafungua.

Mzee alisimama kizingitini, kofia ikichuruzika, kuku kwapani, ameandaa tabasamu la babu. Mtoto akajishika mlangoni akasimama, akamtazama juu, uso wake ukachanua kwa furaha ya mtu aliyetumwa mbali akarudi salama.

"Baba," alisema, "nimezibua bomba."

Kuku alimponyoka mzee akakimbilia mvuani, na hakuna aliyemfuata.